Picha za Wanyama na Nchi Yao: Serengeti na Upande wa Bariadi

Mnyama mkubwa wa porini aweza kupigwa picha kwa namna mbili. Ya kwanza ni kumkaribia, au kumvuta karibu kwa kioo cha kamera, hata akaijaza picha yote: macho, pembe na makovu yake yakaonekana, na nyuma yake pasionekane kitu. Ya pili ni kusimama mbali, au kupanda juu, na kumwacha awe nukta tu katikati ya nyasi, miti, mito na mawingu. Namna ya kwanza ndiyo iliyopendwa na wengi, na ndiyo iliyojaza vitabu na kuta za nyumba za wakubwa. Namna ya pili ilichelewa kupata heshima. Walakini, katika historia ya nchi iliyo kati ya Ziwa Victoria na nyanda za Serengeti, nchi ambayo sehemu yake leo ni Mkoa wa Simiyu na makao yake makuu ni Bariadi, namna hii ya pili imefanya kazi kubwa kuliko ile ya kwanza. Kwa picha hizo wanyama walihesabiwa na mipaka ilibishaniwa. Na kwa picha hizo hizo watu walionekana, au walifichwa.

Msafiri atokaye Mwanza kwenda Musoma hupita Lamadi, na baada ya mwendo mfupi huliona lango la Ndabaka mkono wa kulia. Hapo ndipo ncha ya magharibi ya Hifadhi ya Serengeti inapolikaribia ziwa. Kusini ya ncha hiyo ni nchi ya Wasukuma: Busega, Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu, wilaya tano zilizokusanywa mwaka 2012 kuwa mkoa mmoja. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, yenye majabali yaliyochomoza kama migongo ya wanyama walalao. Udongo wa vilimani ni wa mchanga, nao huitwa luseni. Tambarare za chini zina udongo mweusi unaoshika maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, nao huitwa mbuga. Neno hili mbuga, ambalo kwa Kiswahili cha mjini siku hizi hufahamika kuwa mahali pa wanyama wa kutazamwa, katika kinywa cha mkulima wa Bariadi ni kwanza aina ya udongo, na udongo huo hulimwa na kulishwa. Upande wa mashariki, kabla ya kufika nyanda za nyasi fupi, kuna vichaka na vilima vya Pori la Akiba la Maswa, lililotengwa katika miaka ya 1960. Hapo mashamba hukoma na miti huanza, na mstari wa mkomo huo huonekana kutoka angani kana kwamba umechorwa kwa rula.

Picha za kwanza za wanyama wa nchi hizi zilitokana na uwindaji. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyezunguka nyika za Wamasai na nchi ya Kilimanjaro katika siku za utawala wa Wadachi, alitoa mwaka 1905 kitabu ambacho jina lake lenyewe liliunganisha mwanga wa kupigia picha na bunduki. Kamera za wakati huo zilikuwa masanduku mazito, na picha ilishikwa juu ya bamba la kioo lililopakwa dawa. Schillings alifunga ng'ombe au punda kuwa chambo, akatega kamera karibu yake, na simba alipokuja usiku unga wa kumulika uliwaka ghafla na sura yake ikanaswa. Watu wa Ulaya walistaajabu, na walikuwa na haki, kwa kuwa hawakuwa wamepata kumwona simba ila katika kizimba. Lakini picha hizo zilikuwa na giza pande zote. Simba yupo, nchi haipo. Kiswahili chenyewe hutumia tendo moja, kupiga, kwa bunduki na kwa picha, na katika miaka ile ya mwanzo tofauti ya matendo hayo mawili ilikuwa ndogo kweli, maana aliyepiga moja aghalabu alipiga na jingine siku iyo hiyo.

Hata hivyo, mchana, alipotumia vioo vya kuvutia mbali, Schillings alipata picha za namna nyingine. Vioo hivyo vilikuwa dhaifu, na mnyama alitoka mdogo mahali ambapo mpiga picha alimtaka mkubwa. Wasomaji wengi waliziona kuwa picha mbovu. Atazamaye leo huona kinyume: katika picha hizo zenye ukungu mna miti, mna maji, mna umbali uliokuwako kati ya mnyama na mtu. Upungufu wa chombo ulihifadhi kile ambacho ustadi ungekifuta.

Mabadiliko makubwa yaliletwa na eropleni. Mwaka 1933 na 1934 Wamarekani wawili, Martin Johnson na mkewe Osa, waliruka juu ya Afrika ya Mashariki kwa eropleni mbili ziwezazo kutua majini na nchi kavu, moja imepakwa milia ya punda milia na nyingine madoa ya twiga. Sinema yao iliyotoka mwaka 1935 iliwaonyesha watu makundi ya wanyama kutoka juu, yakikimbia kama maji yaliyomwagika. Akina Johnson walikuwa watu wa tamasha zaidi kuliko watu wa elimu, na sinema zao zina mizaha mingi juu ya Waafrika ambayo haisomeki leo bila ya kukunja uso. Lakini kwa mara ya kwanza mtazamaji aliyekaa mjini aliona kwamba tembo aweza kuwa mdogo, na kwamba udogo huo si aibu yake.

Zikapita zaidi ya miaka 20 kabla ya jambo hilo kuwa la serikali. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na ndani yake waliishi Wamasai na mifugo yao. Mwaka 1956 serikali ya Tanganyika ilitoa waraka wa kuigawa nchi hiyo: sehemu ziachiwe wafugaji, na sehemu zibaki za wanyama peke yao. Wapenzi wa wanyama huko Uingereza na Marekani walipiga kelele. Mtaalamu wa mimea, W. H. Pearsall, akaletwa mwishoni mwa mwaka ule ule wa 1956 kuchunguza. Swali lililokuwa juu ya meza halikuwa la picha hata kidogo. Lilikuwa hili: nyumbu huenda wapi? Kwa maana nyumbu hawakai mahali pamoja. Wakati wa mvua huwa katika nyanda za nyasi fupi upande wa kusini-mashariki, huzaa huko, na makundi mengine hugusa ukingo wa Maswa. Nyasi zikauke, huelekea magharibi kando ya mito ya Mbalageti na Grumeti, au kaskazini hadi Mara, kisha hurudi. Mpaka uliochorwa ofisini pasipo kujua njia hiyo ungeweza kukata safari ya mnyama katikati, na pia ungeweza kumwondoa mtu mahali ambapo mnyama hapahitaji.

Ndipo alipotokea Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, pamoja na mwanawe Michael. Walijifunza kurusha eropleni, wakanunua Dornier ndogo iendayo polepole, wakaipaka milia ya punda milia kama walivyofanya akina Johnson kabla yao, na mwanzoni mwa mwaka 1958 walianza kuhesabu. Walikata nchi vipande virefu, wakaruka juu ya kila kipande, na wahesabuji wakatazama dirishani kulia na kushoto. Jumla yao ilikuwa wanyama wakubwa 366,980, na katika hao nyumbu walikuwa 99,481. Waliwavika wanyama wengine mikanda ya rangi ili wawatambue tena kutoka juu, wakachunguza na nyasi. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani. Tumbusi aligonga bawa la eropleni, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na baba yake, aliyekufa mwaka 1987, alilazwa karibu naye. Sinema waliyoitengeneza pamoja ilitoka mwaka ule ule wa 1959, na mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya Oscar huko Marekani.

Sinema hiyo ndiyo iliyowafundisha watu wa dunia kuitazama Serengeti kutoka juu. Kivuli cha eropleni yenye milia hupita juu ya nyasi, na chini yake maelfu ya nyumbu si zaidi ya punje za mtama zilizomwagwa mkekani. Uzuri wake haukanushiki, na huzuni ya baba aliyeimaliza kazi bila ya mwanawe yasikika ndani yake. Lakini mwanahistoria hana budi kuuliza kilichoachwa nje ya picha. Grzimek aliandika wazi kwamba hifadhi ya taifa lazima ibaki nyika ya asili, na kwamba wanadamu, hata wenyeji wake, wasiishi ndani. Mwenye imani hiyo, akipanda juu, huona anachokiamini. Picha pana, ambayo kwa tabia yake ingeweza kuonyesha zizi, njia ya ng'ombe na moshi wa mji pamoja na nyumbu, ilichaguliwa mahali pake kwa uangalifu hata ikaonyesha nyasi tupu. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa na hifadhi, Wamasai wakahamishwa kutoka Serengeti, na mipaka mipya ikaongezwa upande wa kaskazini. Baba na mwana walikuwa wameonyesha kwamba nyumbu huvuka mipaka ya mashariki iliyopendekezwa. Mipaka hiyo ilifuatwa vivyo hivyo. Hivyo kazi yao kubwa ya kuhesabu haikuwapatia mpaka walioutaka, na sinema yao iliwapatia kila kitu kingine.

Na hesabu yenyewe je? Miaka mitatu tu baadaye, mwaka 1961, Lee Talbot na D. R. M. Stewart walihesabu tena wanyama wa Serengeti na Mara, lakini safari hii kundi la nyumbu halikukadiriwa kwa jicho. Lilipigwa picha kutoka angani, na kichwa kimoja kimoja kikahesabiwa katika picha. Nyumbu walipatikana zaidi ya 200,000. Nyumbu jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, na wengi wa ndama hao hufa. Haiwezekani kundi liongezeke mara mbili na zaidi kwa miaka mitatu. Hitilafu kubwa ilikuwa katika kuona. Mtu atazamaye kundi la elfu tatu likipita chini yake kwa nukta chache hukadiria pungufu, na kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo anavyopunguza zaidi. Picha haina haraka. Mhesabuji aweza kuiweka mezani, akaikagua kwa kioo cha kukuzia, akatoboa kwa sindano kila mnyama aliyemhesabu ili asimhesabu mara ya pili. Kazi hiyo ni ya kuchosha macho na haina sifa yoyote. Hakuna aliyepata tuzo kwa kutoboa picha kwa sindano. Lakini kwa kazi hiyo ndipo ilipojulikana kwamba idadi iliyotangazwa duniani kote ilikuwa pungufu sana.

Inafaa kueleza kidogo namna ya kuipata picha ya aina hiyo. Eropleni huruka kwa mstari ulionyooka, kwa kimo kisichobadilika, na kamera iliyofungwa tumboni mwake hutazama chini moja kwa moja, ikipiga kila baada ya muda uliopangwa. Kimo kikijulikana, upana wa nchi iliyomo katika picha hujulikana, na kutoka vipande vichache jumla ya nchi nzima yaweza kukadiriwa. Kimo kikizidi, mnyama hupotea. Kikipungua, kundi hushtuka na kukimbia, na picha hubeba nchi ndogo mno. Jua likiwa upande, kivuli cha mnyama humsaidia mhesabuji kuliko mwili wake, kwa kuwa mgongo wa nyumbu ukitazamwa kutoka juu ni ukanda mweusi tu, ilhali kivuli chake kina miguu na pembe. Mike Norton-Griffiths, aliyefanya kazi Serengeti, aliandika kitabu cha mafunzo ya kuhesabu wanyama kilichotoka mwaka 1975, nacho kilitumiwa mbali na nchi hizi. Hesabu zilizofuata zilileta ajabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa karibu 700,000. Kufikia mwaka 1977 walikuwa wamepita 1,300,000.

Hapa ndipo habari inaporudi kwa wafugaji. Sotoka iliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1890, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usio kifani; Oscar Baumann, alipopita Ngorongoro mwaka 1892, alikuta Wamasai waliodhoofu kwa njaa baada ya mifugo yao kufa. Kwa miaka 70 ugonjwa ule ulikaa. Ndama wa nyumbu walikufa kila mwaka, na wengi walidhani kwamba wanyama wa porini ndio ghala ya ugonjwa, na ng'ombe ndio waambukizwao. Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ng'ombe wa pembezoni mwa Serengeti, upande wa Wamasai na upande wa Wasukuma, walichanjwa. Na chanjo bora iliyotengenezwa na Walter Plowright huko Muguga, Kenya, ikaongeza nguvu ya kazi hiyo. Nyumbu hakuna aliyechanjwa hata mmoja. Lakini ndama waliozaliwa tangu mwaka 1963 hawakuonekana na dalili ya sotoka katika damu yao. Ikabainika kwamba ghala ilikuwa zizini. Ng'ombe walipopona, nyumbu walipona. Na mvua za kiangazi katika miaka ya mwanzo ya 1970 zikawapa nyasi za kuwatosha. Sotoka ilizuka tena mwaka 1982 miongoni mwa nyati, ikazimwa, na mwaka 2011 ikatangazwa kuwa imekwisha duniani.

Yapasa jambo hili litazamwe kwa makini, kwa maana picha haliwezi kulionyesha. Kundi lile lisilo na mwisho, linalopigwa picha kila mwaka kuwa mfano wa nyika isiyoguswa na mkono wa mtu, lilipata wingi wake kwa sindano iliyochomwa katika shingo ya ng'ombe. Mfugaji aliyewapanga ng'ombe wake mbele ya bwana mifugo hakuwa na habari kwamba anawaongeza nyumbu. Alitaka maziwa na mahari. Lakini sehemu yake katika habari hii ni kubwa kuliko ya wengi ambao majina yao yameandikwa.

Hali kadhalika nchi iliyo nyuma ya mnyama ina kazi ya watu ndani yake. Katika usukuma wote mapori mengi yalifyekwa wakati wa Waingereza ili mbung'o wakose kivuli, na ng'ombe wakaingia mahali ambapo hawakuweza kukaa. Baadaye miti ikawa haba mno, na tangu mwaka 1986 Mkoa wa Shinyanga, ambao siku hizo ulizihesabu Bariadi, Maswa na Meatu kuwa zake, ulikuwa na mpango wa kurudisha hifadhi ya udongo kwa kutumia desturi ya wenyeji iitwayo ngitili. Ngitili ni malisho yanayofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Kutoka angani huonekana kama viraka vya kijani katika kitambaa cha kahawia. Mgeni aliyezoea picha za Serengeti aweza kudhani kwamba viraka hivyo ni mabaki ya pori la zamani. Kumbe vingi ni pori lililorudishwa na wazee wa kijiji kwa amri na faini. Mipaka ya Pori la Maswa nayo imebadilishwa zaidi ya mara moja, na kila mara kilichobishaniwa ni ule mstari ulionyooka: mashamba mkono mmoja, miti mkono wa pili, na ng'ombe waliokamatwa katikati.

Wapiga picha wa siku za baadaye walijifunza kuipenda picha pana kwa ajili yake yenyewe. Mjapani Mitsuaki Iwago, aliyeishi Serengeti pamoja na jamaa yake katika miaka ya mwanzo ya 1980, alitoa mwaka 1987 kitabu ambamo mvua, vumbi na mawingu vina nafasi sawa na simba. Subira ya picha kama hizo ni ya namna yake. Apigaye uso wa chui husubiri chui. Apigaye kundi dogo chini ya wingu kubwa husubiri kundi, wingu, mwanga na upepo vikutane, na moja likikosekana hana kitu.

Siku hizi kamera imepanda juu kupita eropleni. Mwaka 2025 ulitolewa utafiti uliohesabu nyumbu wa Serengeti na Mara kwa picha za setilaiti za mwezi Agosti, mwaka 2022 na 2023, ambazo kompyuta ilifundishwa kuzisoma. Katika kila mwaka nyumbu walipatikana chini ya 600,000, ilhali kwa miaka mingi hesabu iliyokubaliwa ilikuwa 1,300,000 au karibu yake. Watafiti hawakusema kwamba nusu ya kundi imekufa. Huenda wengine walikuwa chini ya miti, wengine nje ya nchi iliyopigwa, na huenda hesabu za zamani zilizidi, kama ile ya mwaka 1958 ilivyopungua. Katika picha hizo mnyama mzima, mwenye uzito wa kilo 200, ni vidoa vichache vya mraba, na kwa ukubwa huo nyumbu na ng'ombe hukaribia kuwa kitu kimoja. Mahali ambapo mifugo na wanyama hulisha karibu karibu, kama kandokando ya Maswa wakati wa kiangazi, kompyuta haitoshi kuwabagua; hubidi atafutwe mtu ajuaye zizi liko wapi, na ng'ombe hunywa maji saa ngapi.